Misambi wa Shukrani

Watu wa Uvira wananijua kwa foto za pasipoti. Kibanda changu kiko Rugenge, kando ya barabara, na ndani nimetundika shuka jeupe ambalo nusu ya mtaa imeshakaa mbele yake ikijizuia kucheka. Hiyo ndiyo kazi, inanilisha, na siisemi vibaya. Lakini mtu akiniuliza napenda kupiga foto za nini, na kama hakuna aliyenikasirisha siku hiyo, namjibu ukweli kwamba napenda ndege na wanyama wa porini. Wengi hunitazama mara mbili, kisha huuliza kama foto zao za pasipoti zimekauka.

Kusema kweli, ilianza na kiboko. Miaka ile ziwa lilipopanda na kuingia nyumba za watu, nilikwenda Kilibula asubuhi na mapema kupeleka foto za harusi, nikamkuta amesimama katikati ya bustani ya viazi vitamu, ametulia, anatafuna. Wenye bustani walikuwa wamejifungia ndani, wanachungulia dirishani. Na mimi, badala ya kukimbia kama mtu mwenye akili, nikatoa kamera. Nilimpiga foto tano, mpaka alipogeuka mwenyewe akashuka majini bila haraka yoyote. Niliporudi kibandani nilijiona bingwa. Nikamwonyesha foto moja mama anayeuza mikate karibu yangu, naye akaitazama sana.

"Foto iko muzuri," akasema. "Sasa muntu iko wapi?"

Swali hilo limenifuata tangu siku ile. Kwetu, foto ni ya mtu. Anavaa, anasimama, anapigwa, na ni lazima apate yake ya kushika mkononi. Ole wako wewe mpiga foto uliyempiga mtu na hukumpelekea: atakuita sokoni kwa sauti, mbele za watu, mpaka uone aibu ya ukoo mzima. Foto ambayo ndani yake hamna mtu, hata ikiwa ya malaika, watu wanaiona haijamalizika.

Mimi nikaendelea hivyo hivyo. Kaka yangu anayeishi Bukavu alinitumia objektifu ndefu, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, iliyokwisha tumika na mtu mwingine, yenye mkwaruzo pembeni. Nikaifunga kwenye kamera na dunia ikasogea karibu. Asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilikuwa nashuka ufukweni. Nilimpiga mdiria, yule mweusi na mweupe anayevua samaki kwa kudondoka, ametua juu ya nondo za dirisha la nyumba iliyomezwa na maji. Nilimpiga tai mwenye kichwa cheupe akinyanyua samaki mbele ya macho ya wavuvi wenyewe, nao wakamtukana. Nilijifunza kwamba asubuhi ndiyo yetu, kwa sababu jua linatokea upande wa Burundi na kutuangazia usoni, lakini jioni milima iliyo nyuma ya mji inalificha mapema na kukuacha na kivuli mkononi.

Nilijifunza pia jambo moja kuhusu mimi mwenyewe. Mimi si mtu wa subira. Kwenye foleni ya bomba nimeshagombana na watu wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka, na mteja akifumba macho mara tatu mbele ya kamera namwambia aende akalale kwanza. Lakini mbele ya ndege ninakaa. Mguu unakufa ganzi, mbu wananila, na mimi nimekaa kimya, nina furaha tele. Hakuna aliyenifundisha, na sijui ilikotoka.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, analima mpunga Bwegera, kule bondeni kwa Ruzizi. Ni mjane. Mumewe alimwachia shamba zuri lenye kona moja iliyokataa kulimwa: maji hayakauki hapo, matete yanaota, jembe linazama mpaka mpini. Humo ndani ya kona hiyo misambi wawili hujenga kila mwaka. Musambi ni yule korongo mrefu wa kijivu, mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani na kifuko chekundu chini ya kidevu. Anatembea kama mgeni rasmi, na akiita unamsikia kutoka barabarani.

Kila mwaka walitotoa, na kila mwaka vifaranga waliibwa kabla hawajajua kuruka. Kuna watu wananunua. Vifaranga hutiwa kwenye kitenga, wanapelekwa mijini, wanakatwa manyoya ya mabawa na kuishia kutembea juu ya sementi ndani ya ua wa tajiri, ili wageni wake wapate cha kusifia. Wazazi wao hubaki shambani, wanazunguka, wanaita. Shangazi alisema sauti hiyo ilimshinda. Ilipoanza, alikuwa anafunga mlango na kwenda kukaa kwa rafiki yake wa kwaya mpaka ndege wachoke.

"Tangu bwana yangu afe sijaonaka ata mutoto mumoja akiruka," aliniambia siku moja nilipomtembelea. "Wote banabebwa. Minye nataka nione, mama. Mara moja tu."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akiniita hivyo siwezi kumnyima kitu, na anajua. Nilimwambia kwamba mwaka huu vifaranga wa kona yake wataruka, naye atawaona, na mimi nitawapiga wakiwa angani. Nilisema kwa kiburi kikubwa, kana kwamba mimi ndiye ninayegawa mabawa.

Basi nikaanza safari za Bwegera. Nilikuwa nakwenda Jumamosi alfajiri kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, objektifu imefungwa ndani ya kitenge mgongoni kwangu, nimeibeba kama mtoto. Kwenye bariere ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alinisimamisha, akafungua kitenge, akaishika ile objektifu kwa mikono miwili na kuniuliza ni silaha gani. Nikamwonyesha foto za mdiria na za tai. Akazitazama zote, moja baada ya nyingine, uso umekunjwa.

"Na minye je?" akasema.

Nikampiga foto palepale, amesimama wima, kofia sawa, na safari iliyofuata nikampelekea yake. Tangu hapo kamba ya bariere ilikuwa inashushwa kabla hata moto yangu haijasimama. Mwenye moto aliniuliza kama nina ndugu serikalini.

Wakati huo mpunga ulikuwa ndio kwanza umepandikizwa, mashamba ni maji na nyuzi za kijani. Shangazi alinijengea kibanda kidogo cha nyasi juu ya tuta, aina ile ambayo watu wanakaa ndani yake kufukuza ndege mpunga unapoiva. Mimi niliingia humo kufanya kinyume chake. Nilikuwa nakaa na tundu moja la objektifu, naona kiota chote: majani yaliyokanyagwa na kulazwa katikati ya matete, na musambi amelala juu yake, taji tu linapepea. Mwenzake alikuwa akija kumpokea zamu kwa miguu, polepole, akiokota majani na kuyatupa mgongoni bila sababu niliyoielewa. Nilipiga foto nyingi mbaya. Nilipiga matete, nilipiga mkia, nilipiga mahali ambapo ndege alikuwa punde tu.

Kisha asubuhi moja kichwa kidogo, rangi ya muhogo uliokaangwa, kikachomoza chini ya bawa la mama. Kikafuata cha pili. Nililia humo ndani ya kibanda, machozi na jasho na maji ya matope vyote pamoja, na niliendelea kubonyeza.

Shangazi alipoona foto kwenye kioo cha kamera, alipiga vigelegele. Halafu akauliza nililolitegemea.

"Na minye niko wapi?"

Nikamweleza kwamba akisogea kwenye kiota, wazazi watakimbia na vifaranga watapata baridi. Akaniuliza shamba ni la nani. Nikamweleza tena, sauti ikipanda. Akaniuliza tena shamba ni la nani, sauti yake ikishuka, na hiyo kwa shangazi ni hatari zaidi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana asimame mbali, kwenye tuta la mwisho, nyuma kabisa ya ndege, na objektifu itamleta. Kesho yake alfajiri alifika shambani na kitenge chake cha Jumapili na kilemba kipya, matope mpaka magotini, akasimama kule mbali ameshika kiuno. Foto ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga: musambi mbele na vifaranga wawili miguuni pake, na nyuma yao doa kubwa la rangi nyekundu na njano lenye kilemba.

"Mbona ndege iko mukubwa kunipita?" akasema nilipomletea. Lakini alishaitia kwenye kadre ya mbao na kioo kabla sijamaliza kunywa maji.

Sasa nieleze desturi yao ya shukrani, maana bila hiyo nisingekuwa na cha kuandika. Kanisani kwa shangazi, kabla ya matoleo, mwenye jambo la kumshukuru Mungu anatoka mbele na kitu chake. Mmoja anakuja na kuku, mwingine na mkungu wa ndizi, mwingine na mtoto aliyepona au diploma ya shule. Anasimulia, watu wanaimba, na kitu chenyewe kinanyanyuliwa juu na kupita mikononi mwa watu wote huku wakicheza. Kikishapita hivyo, si chake tena peke yake. Hata kuku, mwenyewe hawezi kwenda kumla kimyakimya nyumbani. Kanisa zima limemshukuria, na kanisa zima litauliza.

Jumapili ile shangazi alitoka mbele na kadre ya misambi.

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu na nilitaka kuingia chini yake. Watu walianza kucheka, kwanza kwaya, kisha wengine. Mchungaji, mtu mpole, aliinama akaitazama ile foto kwa muda.

"Mama, hii ni shukrani ya nini kabisa?" akauliza.

"Ya kuzaa," shangazi akajibu. "Bamezaa mu shamba yangu, bawili, na bote bazima. Ama ndege haiko ya Mungu?"

Mchungaji akawatolea kwaya ishara. Wimbo ukaanza. Na mtu wa kwanza kuruka kutoka kwenye benchi alikuwa jirani ya shangazi, mzee ambaye shamba lake linapakana na lile la kona ya maji, na ambaye siku chache kabla alikuwa amelalamika kwa kila mtu kwamba misambi wanamkanyagia miche. Wimbo ulimshika. Alinyakua kadre, akaiweka juu ya kichwa, akacheza nayo kanisa zima, akichuchumaa na kuinuka, jasho linatiririka mpaka kwenye kola. Nilisahau aibu yangu, nikasimama juu ya benchi na kumpiga foto. Watu wote wako mle, mikono juu, midomo wazi, na katikati yao mzee na ndege kichwani.

Kila aliyeonekana alitaka yake, bila shaka. Nilinung'unika wiki nzima nikizichapisha, lakini nilipeleka, na mzee akaitundika ya kwake kwenye sebule, mbele ya mlango, ili hata anayepita njiani aione.

Habari nazo zikasafiri. Siku ile kulikuwa na wanakwaya wageni kutoka Sange, na wageni wana midomo. Haukupita muda, bonde lote likajua kwamba Bwegera kuna mama mwenye misambi wawili wachanga, na wanaombewa kanisani. Walijua wenye imani, na walijua wale wengine pia.

Mnunuzi alikuja mpunga ukiwa umeanza kutoa maziwa. Huo ni wakati wa ndege wadogo, wale wanaoshuka kwa mamia kunyonya punje changa, na kwenye kila tuta kulikuwa na kibanda, na ndani ya kila kibanda mwanamke mwenye kopo na fimbo. Mimi nilikuwa kwenye changu. Vifaranga walikuwa na urefu wa jogoo, shingo ndefu, miguu mirefu zaidi, bado hawajui kuruka. Wazazi waliwatembeza shamba hadi shamba wakiwakanyagia panzi.

Mtu huyo alifika kwa moto, kitenga kimefungwa nyuma. Shati safi, salamu nzuri. Alimwendea shangazi, akamsalimu kwa heshima zote, akamwuliza kama angependa kumsaidia kupata wale ndege. Shangazi akasema hapana. Yeye akacheka kwa upole, hakubisha, akaenda kukaa juu ya tuta kivulini. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alijua kazi yake: ndege hajui mpaka wa shamba. Alingoja mpaka misambi na watoto wao wakavuka tuta na kuingia upande wa mzee, kisha akainuka, akapangusa suruali, akamfuata mzee.

"Muzee, sasa biko kwako," nilimsikia akisema. "Mwenye shamba ni weye."

Mzee akatazama vidole vya miguu yake. Akajikuna shingo. Paa la nyumba yake lilikuwa linavuja, kila mtu alijua.

"Kama biko kwangu..." akaanza.

Hapo nilitoka kwenye kibanda. Sikumbuki kila nilichosema na ni heri. Nilisema mengi, kwa sauti, matope mpaka kiunoni, kamera inaning'inia shingoni. Nilimwita yule mtu majina. Alinitazama tu, akamgeukia mzee.

"Na huyu? Iko na shamba hapa?"

Sikuwa na shamba. Nilikuwa mpiga foto wa Rugenge aliyekuja kwa moto. Akilini niliwaona wale vifaranga mle kwenye kitenga, shingo zao ndefu zimekunjwa, na nikamwona shangazi akifunga mlango wake tena mwaka huu.

Shangazi alikuja akikanyaga taratibu juu ya tuta, akasimama mbele ya mzee.

"Jirani," akasema, "ile foto yenye uko nayo mu sebule. Uko nafanya nini ndani yake?"

Mzee akageuka kutazama nyumba yake.

"Anacheza!" mwanamke mmoja akajibu kutoka kibandani kwake.

"Alibabeba na kichwa!" mwingine akasema.

"Na jasho!" wa tatu akapiga kelele, akaligonga kopo lake. Wakaanza kutoka mmojammoja, kila mmoja na kopo lake, wakija juu ya matuta kutoka pande zote, wanagonga, wanacheka, wanaimba ule wimbo wenyewe wa Jumapili ile. Wamama wazima, matope mpaka magotini. Mmoja alisogea karibu na mzee kabisa.

"Utauzisha namna gani kitu chenye tulishashukuria?" akamwuliza. "Jumapili utakuya na nini? Na kitenga?"

Nilimwangalia mzee na kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Uso wake ulipitiwa na aibu, ukapitiwa na hasira, kisha ukaanza kucheka wenyewe, bila ruhusa yake. Alikwenda kwenye moto ya yule mtu, akakaza vizuri kamba ya kitenga kilichokuwa kitupu, akakipiga kofi.

"Kwangu hapana," akasema. "Enda salama."

Mnunuzi alisema atarudi. Wanawake wakamwambia karibu, wao wapo, na makopo yapo. Alisindikizwa kwa ngoma ya makopo mpaka barabarani, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee katika msimu ule ambapo ndege wadogo walikula mpunga wa Bwegera kwa raha zao. Mzee alibadilika kuwa mlinzi mkali kupita wote. Mtu akipita njia ya shamba bila kujitambulisha alipata maswali mpaka ajute kuamka.

Lakini sikuacha kuogopa. Mpunga uliiva, mashamba yakaanza kukatwa, na kila shamba lililokatwa lilikuwa maficho yaliyoondoka. Vifaranga walikuwa wakubwa sasa, taji zao zimeanza kuchomoza, fupi na za kuchekesha. Walikuwa wanakimbia juu ya tuta wakipiga mabawa, wanaruka kimo cha goti, wanaanguka. Shangazi alivuna shamba lake lote isipokuwa ukanda ulioizunguka kona ya maji. Huo aliuacha umesimama. Punje zilianza kupukutika chini, na mimi nikamwambia anapoteza.

"Wacha ipotee," akasema. "Minye siko nakula yote."

Ilikuwa Jumamosi, jua limevuka tu milima ya ng'ambo. Wanawake walikuwa wanapura mpunga kwenye shamba la mzee, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya tuta, sina tena haja ya kibanda, ndege walishanizoea. Upepo ulikuwa unakuja kutoka ziwani, wa moja kwa moja, wa kutosha. Wazazi wakainuka. Wakaruka chini kwa chini, wakavuka mfereji, wakatua ng'ambo na kuanza kuita.

Mtoto wa kwanza akaanza kukimbia kuelekea upepo. Nikamfuata na objektifu, pumzi nimeibana. Alikimbia, alikimbia, mabawa wazi, na pale ambapo siku zote alikuwa anaanguka, hakuanguka. Miguu yake iliendelea kukimbia hewani. Nyuma yangu mtu alisema "Yesu!" na kelele za kupura zikakoma. Wa pili akakimbia naye, akateleza, akajibwaga kwenye matope kwa kifua.

"Yooo!" wakalia wote.

Akainuka. Akajikung'uta mara moja, akaanza upya, mzito, mchafu, na akanyanyuka. Wa kwanza alikuwa amezunguka na kurudi juu yetu, na kwa muda mfupi sana wote wawili walikuwa ndani ya tundu la kamera yangu, mabawa meupe wazi kabisa, miguu imening'inia nyuma, na matone ya matope yanadondoka kutoka kwa wa pili, kila tone na jua lake. Nilibonyeza. Nilijua kabla ya kutazama. Mwenye kazi hii anajua, kidole kinamwambia. Niliruka juu nikapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu ya taifa, na sioni aibu kusema kwamba nilijisifu, kwa sauti, kwa jina langu na la baba yangu, mbele ya mashamba yote.

Hakuna aliyenisikia. Makopo yaliyokuwa yamewekwa chini yameshikwa tena, yanapigwa, mzee anacheza katikati ya mpunga wake uliopurwa nusu, anautawanya, hajali. Nikatazama kioo cha kamera. Wote wawili, wazi, hata macho yao yanaonekana. Miezi yote ile, mbu wote wale, na hii hapa.

Nikamkimbilia shangazi. Alikuwa amesimama peke yake ukingoni mwa ule ukanda aliouacha, mkono mmoja juu ya macho kuzuia jua. Ng'ambo ya mfereji misambi walikuwa wanne angani sasa, wanapanda, wanaita, na sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikimfukuza nyumbani kwake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. Nikamwekea kamera mbele ya uso.

"Shangazi, ona! Nimebapata! Bote bawili!"

Akausukuma mkono wangu pembeni, bila kuniangalia.

"Ngojea kwanza, mama," akasema. "Bado niko nabaona."

Nikangoja. Foto ilikuwa tayari ndani, haiendi popote.